Jiwe la Redio Ndani ya Sakafu ya Idi

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Kasongo kabla bendera ya Wabelgiji haijateremshwa, kitu kidogo kikianguka chini nyumba nzima iliinama. Sindano ya Baba ikichomoka kwenye kitambaa, mama aliacha chungu motoni, bibi aliweka tasbihi kando, na watoto tulipiga magoti kama tunaosali. Hakuna aliyepita mlangoni mpaka sindano ionekane. Leo mjukuu wangu akidondosha kitu hata haangalii kilipoangukia. "Acha, bibi, tutanunua ingine." Ninamwacha, lakini mimi naendelea kuinama peke yangu, na mgongo unanilaani.

Mnaokumbuka mtakumbuka pia mdako. Tulichimba kishimo barazani, tukajaza vijiwe kumi, na cha kumi na moja kilikuwa cha kurusha juu. Mikono yetu ilikuwa myepesi na macho yetu makali. Tulikula wali wa mpunga mpya na samaki wa Lualaba, mawese yakatiririka mpaka kwenye kiwiko, tukalamba kiwiko. Asubuhi tulikwenda kwa mwalimu wa Kurani tukiwa na mbao zetu chini ya kwapa. Shule ya mapadri ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, ina madirisha ya vioo na kengele nzuri, lakini wazee wetu waliogopa kwamba mtoto angeingia na jina la Ramazani na kutoka na jina la Raimondi. Basi tukabaki na mbao zetu.

Kaka yangu aliitwa Ramazani kweli. Mimi nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu wote. Alikuwa na miaka kumi na sita hivi, mimi nane. Alikuwa mtu wa upole kupita kiasi, na alikuwa na ila moja: hakuona vitu vya karibu. Nyani juu ya mti wa mbali alimwona kabla yetu, lakini ukimpa punje ya mchele mkononi aliijua kwa kuigusa. Miwani siku hizo tuliidhani ni sehemu ya nguo za mapadri.

Alikuwa boi nyumbani kwa Mbelgiji mmoja agronomu, bwana shamba wa serikali. Familia ile iliporudi kwao, mtoto wao alimwachia yaya sanduku jembamba la mbao alilokwisha kulichoka. Ndani mlikuwa na redio, lakini redio iliyovunjwavunjwa makusudi ili mwenyewe aijenge: waya mwembamba wa kuzungusha kwenye bomba la karatasi, skrubu ndogo kama mayai ya chawa, kikombe cha shaba kisichotosha hata kidole cha mtoto, chombo cha kuweka sikioni, sindano moja, na jiwe moja. Jiwe lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, jeusi, linang'aa kama jicho la paka, na zito kuliko umbo lake. Kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa, ambacho hatukujua hata neno moja, ila ilikuwa na picha. Picha ilionyesha jiwe likikaa ndani ya kikombe na sindano ikiligusa. Bila jiwe, yaya alisema, yote mengine ni takataka.

Tulifanya kazi barazani, kwenye ungo wa mama. Tulitandika kitambaa cheupe juu ya ungo ili kisichoonekana kionekane, na ukingo wake ulizuia skrubu zisikimbie. Yeye alikuwa mikono, mimi macho. "Mudogo wangu, iko wapi ile ya kichwa bapa?" Nami nikamwekea kwenye kiganja. Jioni nilihesabu kila kitu kabla ya kufunga sanduku. Sijawahi tena katika maisha yangu kujiona mtu muhimu kiasi kile, ingawa niliolewa kwa ngoma ya siku tatu.

Tatizo ni kwamba kazi ya uboi ilikuwa imekwisha, na mwanaume asiye na kazi hakukaa bure zama zile. Serikali ilimpeleka kulima pamba, apende asipende. Siku mbili kabla ya Idi alifika mjomba Amisi, kaka yake mama, kutoka kwenye machimbo ya dhahabu kule Kabambare. Alikuwa mwoshaji: kutwa anasimama ndani ya maji, anayumbisha karai la mchanga. Alisema kapita wake, msimamizi wa kazi, anatafuta vijana wenye nguvu. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache kama mishono yake. Aliweka mkasi chini, akatoa hukumu.

"Ramazani, sikia. Ile sanduku yako ikisema mbele ya lori kuondoka, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa fundi wa saa pale soko, akufundishe. Isiposema, utapanda lori na mujomba wako."

"Itasema, Baba," yaya akajibu. Lori lilikuwa la siku ya tatu ya Idi. Zilikuwa zimebaki skrubu nne tu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Asubuhi ya mkesha wa Idi nililichukua lile jiwe. Sikuliiba, nililiazima. Nilitaka wasichana wenzangu wa mdako walione, wajue kwamba kwetu tuna jiwe linaloongea. Nililifunga kwenye pindo la kitenge changu, kwa sababu pindo ndilo lilikuwa sanduku letu sisi wanawake. Humo tulifunga chumvi, hirizi, kila cha thamani. Lakini sikufika kwa wenzangu. Mama aliniita tupake sakafu ya Idi.

Mnaikumbuka kazi ile? Udongo mwekundu wa kichuguu, udongo mweupe wa mtoni, na maji ya majivu, tukakanyaga kwa miguu mpaka ulainike, kisha tukapaka kwa mikono chumba hadi chumba, tukirudi kinyumenyume. Mwishoni mama alichora mawimbi kwa vidole vyake. Sakafu ya mama ilisifiwa mtaa mzima, na watu walivua viatu hata kabla ya kuambiwa. Alasiri nilipokwenda kunawa nikashika pindo langu. Fundo lilikuwa limefunguka. Nilijua mara moja: jiwe liko chini ya mawimbi ya mama.

Nikanyamaza. Niliogopa fimbo ya mama, lakini kwa kweli niliogopa zaidi uso wa yaya.

Yaya alitafuta jioni hiyo yote. Alimwaga sanduku, akapapasa mkeka kwa viganja, akachekecha unga, akakung'uta hata viatu vya Baba. Mama alichambua mchele wa pilau mara tatu na kutoa mawe ya kila aina isipokuwa lile. Mwisho yaya akanijia, akachuchumaa mbele yangu.

"Mudogo wangu, weye hukuiona?"

"Hapana, yaya."

Hakukasirika. Alishusha pumzi, akanishika kichwa. "Kama weye hukuiona, basi haiko." Akaenda kukaa mlangoni.

Ee ndugu zangu, nimepigwa maishani, nimefiwa, nimekimbia vita na sufuria kichwani, lakini neno lile bado linaniuma. Idi ikafika. Nilivaa gauni jipya aliloshona Baba kwa mabaki ya vitambaa, nikapewa vitumbua, nikashindwa kumeza. Siku ya pili ya Idi nikamwona yaya anakunja shati lake la pekee na kulifunga pamoja na mswaki. Hapo nikavunjika. Wazee walisema mficha uchi hazai. Nami nilikuwa nimechoka kuficha. Nilimwambia yote nikilia kwa kwikwi, mbele ya mama na mjomba.

Yaya aliiangalia sakafu, kisha mama, akatikisa kichwa. "Wacha tu, mama. Watu bado wanakuja kusalimia. Sitaharibu sakafu yako ya Idi."

Mama alitoka nje, akarudi na jembe, akainua kitenge chake mpaka magotini, na akapiga pigo la kwanza katikati ya mawimbi yake mwenyewe.

"Udongo iko mingi," akasema. "Mutoto mwanaume niko naye mumoja tu."

Tulibandua sakafu tangu mlangoni hadi chini ya kitanda cha bibi. Udongo ulikuwa umekauka magamba magamba, na tungeupasua kwa vidole tungemaliza mwezi mzima. Mjomba Amisi alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Ghafla akasimama. "Ile jiwe iko nzito?" Yaya akajibu kuwa ni zito. "Bon, vizuri. Leteni karai na maji." Akakunja suruali ya Idi.

Tukachota maji, tukamwaga udongo ndani ya karai, naye akachuchumaa uani akaanza kazi yake. Sijaona mikono mizuri vile. Aliyumbisha, akainamisha, akaruhusu maji mekundu yamwagike na uchafu mwepesi, akaongeza maji, akayumbisha tena. Wageni waliokuja kutupa mkono wa Idi walibaki wamesimama na nguo zao nyeupe, wanatazama mtu anaosha nyumba yetu ndani ya karai. Karai la kwanza, hakuna. La tano, hakuna. La tisa, nilipata ushanga wa bibi uliopotea tangu sijazaliwa.

La kumi na moja, nililiona. Lilikuwa kwenye mkunjo wa chini, jeusi, linang'aa. Na mjomba naye aliliona, kwa sababu mikono yake ilisimama, na kidole gumba chake kikalifunika. Nilimtazama usoni. Alikuwa anamtazama yaya aliyesimama karibu na ndoo na haoni kitu. Mjomba akakaa hivyo kwa muda, maji yanatikisika. Kisha akaondoa kidole.

"Chukua," akamwambia yaya. "Miaka yote naosha udongo, hii ndiyo jiwe ya kwanza naona inarudi kwa mwenyewe."

Kabla ya alasiri redio ilikuwa imekwisha kuungwa. Waya mrefu ulitoka dirishani mpaka kwenye mchikichi wa jirani, mwingine ukaingia ardhini. Yaya aliweka chombo sikioni, mimi nikaongoza mkono wake mpaka sindano ilipoligusa jiwe. Tukasubiri saa kumi, wakati ambapo ofisi ya serikali, hatua chache tu kutoka kwetu, ilikuwa ikiongea kwa foni, yaani simu ya redio, na vituo vya mbali. Ghafla mdomo wa yaya ukafunguka. Akampa Baba chombo.

Baba akasikiliza, nyusi zikapanda. "Mbona ni Kitenge?" Kitenge alikuwa karani wa ofisi ile, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Anasema daraja imevunjika. Anasema lori ya Kabambare itachelewa siku mbili." Akachungulia nje kuhakikisha Kitenge hayuko nyuma ya ua. "Muzungu anatengeneza mashini kubwa hivi ili nimusikie Kitenge, mutu anayenisumbua kila asubuhi!" Tukacheka mpaka bibi akaomba naye asikilize. Jioni Kitenge alipokuja kutupa habari za daraja kama siri ya serikali, Baba akamwambia, "Tunajua." Maskini, alituogopa mwaka mzima.

Mjomba aliondoka peke yake. Yaya alikwenda kwa fundi wa saa, na baadaye redio zote za Kasongo zilipita mikononi mwake na machoni mwangu, mpaka nilipoolewa. Mama alipaka sakafu upya bila kuninung'unikia, ila hakuniruhusu tena kufunga kitu kwenye pindo.

Nilikuwa na watoto watatu mama yangu aliponieleza lile nililoliona bila kulielewa. Kapita alikuwa amemwahidi mjomba kwamba akileta kijana mmoja, angetolewa majini na kupewa kazi ya kulinda stoo. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba tayari. Alirudi kwenye maji yale, na kila Idi alikuja akitembea taratibu zaidi, mpaka Idi moja hakuja. Hakulitaja jambo hilo kwa yaya hata mara moja. Na mimi sikuwahi kumshukuru, kwa sababu nilipojua alikuwa amekwisha kuzikwa Kabambare. Hilo linaniuma, na ninaliandika hapa kwa kuwa sina mahali pengine pa kulipeleka.

Vijana wa leo wana simu zenye dunia nzima ndani yake, na hakuna skrubu inayoanguka. Nawaonea fahari, msidhani ni kijicho. Wanaongea na watu wa Ulaya wakiwa kitandani. Lakini juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, zamani mulikuwa na nini?" Nikaanza kumhesabia: mdako, mawese, Idi, redio ya jiwe. Nikakwama. Nilitaka kumwambia kwamba tulikuwa na mtu ambaye jiwe chini ya kidole chake lingemtoa majini, naye akakiondoa kidole. Nikamwambia tu, "Tulikuwa na wajomba," akacheka, akarudi kwenye simu yake.