Msichana wa Kopo

Picha iliyo ukutani sebuleni kwetu hapa Yamumbi ni yangu, lakini wageni huuliza kama ni ya mdogo wangu. Nimechoka kueleza. Yule wa pichani ana uso mweupe, laini, usio na kipele hata kimoja, na hunitazama nikila, nikifagia, nikikunja nguo. Namwogopa, na sioni haya kusema hivyo.

Chunusi zilinianza nikiwa shuleni, zikakataa kuondoka. Mama alinipaka shubiri. Mimi mwenyewe nikajipaka dawa ya meno, halafu maziwa lala, nikawa nanuka kama kibuyu. Mwishowe, kwenye duka la vipodozi mjini, niliuziwa krimu iliyochotwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo na kutiwa katika kopo lisilo na lebo. Muuzaji hakusema ina nini ndani, nami sikuuliza. Kabla mwezi haujaisha, nilimkuta mtu mwingine kwenye kioo.

Huyo mtu mwingine ndiye ambaye mume wangu alimpenda. Mimi hakuwahi kuniona.

Kisha mashavu yakaanza kuniwaka, ngozi ikawa nyembamba, hata jua la asubuhi likawa linaniumiza. Daktari wa ngozi alifungua kopo langu, akaguna.

"Hii lazima iko na steroid, na hakuna anayejua ni kali namna gani. Utaiacha. Lakini nikuambie ukweli, ngozi itakasirika kabla ipoe. Hata ikikutisha, usirudie kopo."

Akaniandikia jeli ya kupaka kidogo usiku, tembe za kumeza kwa miezi kadhaa na mafuta mepesi ya mchana. Nikamuuliza kama uso utakuwa umetulia kufikia ruracio, siku ya kuleta mahari.

"Hapana, mama. Hiyo itakukuta katikati."

Chunusi zilirudi kwa hasira, kubwa kuliko zile za shuleni. Mchumba wangu alikuwa Moi's Bridge, mavuno yamepamba moto, akipakia mahindi kwenye malori. Tuliongea kwa simu tu. Kila alipotaka kuja nilimwambia nina homa. Usiku nililitoa kopo chini ya kitanda, nikalishika, nikalirudisha. Nilitaka anioe mimi, na nilikuwa na hofu kwamba hatanitaka.

Sisi ambao babu zetu walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati tuna desturi: siku ya ruracio, binti hufunikwa leso kutoka kichwani pamoja na wasichana wengine, wakapangwa mstari, na bwana huambiwa amtambue wake. Akikosea, hutozwa faini na kuchekwa. Nilisimama ndani ya leso nikitokwa na jasho, chunusi zikinichoma, nikimsikia akipita polepole huku shangazi zangu wakimtania.

"Angalia vizuri, usituchukulie mtoto wa jirani!"

Akasimama mbele yangu. Nadhani aliona vidole vya miguu yangu, kwa maana hakusita.

"Ni huyu."

Vigelegele vikapigwa. Akaifunua leso. Tabasamu lake halikufutika, lakini macho yaliondoka usoni pangu, yakaenda kwa msichana wa pili, yakaenda kwa wa tatu. Yalikuwa yakimtafuta yule wa kopo. Kisha yakarudi.

"Ni huyu," akasema tena, kwa sauti ya chini.

Tembe zilifanya kazi, na jeli pia. Leo nimebaki na alama chache tu, uso ni wangu, na mume wangu ni mtu mwema; hajawahi kunitolea neno baya kuuhusu. Ile picha, iliyopigwa siku za kopo, aliitundika mwenyewe.

Juzi jioni nilimkuta amesimama mbele ya picha hiyo na kikombe cha chai mkononi. Hakujua niko mlangoni mpaka nilipokohoa. Akageuka akitabasamu, akaielekezea picha kidevu.

"Huyu alikuwa mrembo, eh?"

"Alikuwa," nikamjibu, nikaenda kupakua chakula.