Nyumba Tuliyoiruka Tulipofungua Njia

Nakumbuka siku tuliyofikisha njia kwenye minazi miwili ya Hawe Kadzo, na kazi yote ikasimama. Mwanangu, sikiliza kisa hiki kabla hujaenda kwenye kikao chenu cha barabara. Nasikia wamekuchagua, nami nimefurahi hadi chai yangu imepoa mkononi.

Kijiji chetu wewe wakijua, kiko ndani, nyuma ya Matsangoni. Wakati huo nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota, na kutoka kwetu hadi lami palikuwa na ujia wa miguu tu. Hata baiskeli tulikuwa tukiisukuma. Mgonjwa alilazwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakakibeba mabegani, na wengine wakafuata nyuma ili wawapokee wakichoka. Dada yangu Dama alibebwa hivyo uchungu ulipomshika wa mimba yake ya kwanza. Tulikwenda mbio kadiri tulivyoweza, lakini mtoto alifia njiani. Aliposhika mimba ya pili, furaha haikuja. Alikaa mlangoni akiutazama ule ujia, nami roho ilikuwa ikiniuma kila nikimwona.

Ndipo tukaitisha mweria. Nyinyi siku hizi mwasema kazi ya kujitolea, lakini mweria una adabu zake: kila nyumba huendewa na kualikwa, kila nyumba hutoa mtu, na mwenye shughuli hupika. Tulitaka ujia upanuliwe gari lipite kabla Dama hajatimiza miezi yake. Mwenye duka mmoja kule barabarani alikuwa na pikapu, akatuahidi kwamba tukifungua njia atakuja hadi mlangoni.

Tulifyeka vichaka, tukang'oa visiki, tukajaza mashimo mawe. Kisha tukafika mahali pembamba, upande huu mwamba, upande ule shimo la zamani la kuchimbia mawe ya kujengea. Katikati ilisimama minazi miwili. Mwenye ardhi alikwisha kuturuhusu, lakini wewe wajua kwetu shamba laweza kuwa la huyu na minazi ikawa ya yule. Ile ilikuwa ya Hawe Kadzo, mjane asiye na mtoto. Jina la Hawe, yaani bibi, tulimpa sote. Minazi hiyo ndiyo iliyomlisha, kwani nazi aliziuza na makuti aliyasuka.

Nikatumwa mimi. Nilimkuta uani, kuti mapajani.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya minazi."

Nikaanza kuzungukazunguka, mara jua limekuwa kali, mara mvua ziko karibu. Aliniacha nimalize porojo zangu zote, mikono yake ikiendelea kusuka.

"Majembe yenu nayasikia tangu juzi," akasema. "Mmealika nyumba zote. Hata yule asiyeona mmemwalika, na jana amekaa kivulini akiwapondea kokoto. Yangu mmeiruka. Kwani mimi nimekufa?"

"La, Hawe! Tulikuonea huruma. Uko peke yako, na umri nao umekwenda."

"Huruma hiyo kawape kuku. Mimi hamkunitaka, mwataka minazi yangu tu."

Kweli tulidhani tunamfanyia wema, tumpumzishe bibi wa watu, kumbe tulimfuta kijijini angali hai. Nilimwogopa, mwanangu, na zaidi nilimwogopea Dama. Lakini niliona aibu kuitaja minazi tena. Nikachutama mbele yake nikasema, "Hawe, nimekuja kukualika kazini. Kesho asubuhi."

Alinikazia macho, kisha akacheka. "Hapo sasa umesema. Mwambie mama yako mimi wali bila nazi siuli."

Asubuhi tulimkuta amekwisha kufika, leso kiunoni, jembe begani. Alilima kando ya njia akituchokoza sisi vijana kwamba twashika majembe kama tunaoshika nyoka. Tulipofika kwenye minazi aliupapasa mmoja, akamtaja marehemu mumewe aliyeipanda, machozi yakamtoka. Akajifuta, akaomba shoka, akapiga pigo la kwanza mwenyewe.

"Haya, malizeni. Na upande huu muache nafasi ya waendao kwa miguu. Si wote watakaopanda gari."

Wazee walipotaka kumlipa alikataa katakata. Alisema amekuja kwenye mweria kama wenzake, na mtu wa mweria halipwi. Nyumba zote zikaanza kumpelekea nazi kila mavuno, naye alizipokea kwa sharti moja, kwamba asirukwe tena. Nimeishi na watu wengi wema, lakini heshima niliyompa yule mwanamke sijampa mwingine.

Siku ya Dama ilipofika, pikapu ilikuja mpaka mlangoni. Hawe Kadzo, ambaye hakuwahi kupanda gari maishani, alikuwa wa kwanza kupanda nyuma. Akakaa kwenye godoro, akampakata Dama kichwa, na gari likapita hapo palipokuwa na minazi yake. Jioni ile, hospitalini Kilifi, Dama alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Hawe ndiye aliyempokea kutoka kwa muuguzi, akamkumbatia, akalia kwa kwikwi, nami nikalia naye bila kuona haya.

Basi, mwanangu, siku hizi bodaboda na tuktuk zatufikia, na wako ambao nauli yake hawaiwezi. Yuko mama anayekwenda kliniki kwa magongo. Wako wazee wa kule mwisho wa kijiji ambao dereva huwakatalia kwa sababu njia ni mbaya. Mtakapopanga barabara ipite wapi na kituo kiwe wapi, msiwaamulie mambo yao kwa kuwahurumia. Nenda majumbani mwao uwaalike. Wape mahali pa kukaa na kazi ya kufanya, na wakiwakemea, vumilieni. Msaada wao muuombe baada ya kuwaita wenyewe.

Mungu akutangulie, akupe subira na akuepushe na kiburi cha cheo. Akujalie watu wafurahi wakikuona unaingia uani mwao. Na kikao chenu kisianze kabla hujapita kwa yule mama wa magongo. Ukimkuta amekasirika, kaa chini umsikilize.