Fundi wa Mkono Mmoja na Gari Lililombeba Siku ya Ajali

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umetanda juu ya mapaa ya Ruring'u, mjini Nyeri. Huseni Farid ameketi kibarazani, amebana kipande cha bati kati ya magoti. Anakikata kwa mkono wa kushoto, polepole. Mkono wa kulia unaishia chini kidogo ya kiwiko.

Kipande hicho kitakuwa bampa. Mbele yake, juu ya stuli, limesimama gari dogo la mfano, la mafundi wa umeme, linaloweza kubebwa kwapani: gari la manjano la miaka ya sabini, ngazi juu ya paa, masanduku ya vifaa ubavuni. Kila mita ya gari la kweli hapa ni sentimita kumi. Bodi ni madebe ya mafuta ya kupikia, magurudumu ni raba ya viatu vya akala, na kioo cha mbele ni chupa ya maji iliyonyooshwa.

"Baba Sumeya, hiyo gari itatoka hapa lini?" anauliza Murugi, muuza mboga aliyeleta jiko lake litengenezwe. "Petroli iko?"

"Iko," anajibu Huseni. "Ni dereva ameogopa barabara."

"Basi nipatie mimi nibebee sukuma!"

Murugi anacheka peke yake.

Gari la kweli lilikuwa la mkandarasi aliyevuta nyaya za umeme vijijini. Kampuni yake ilishafungwa. Huseni alipanda nguzo. Najib, rafiki yake tangu madrasa, alilinda swichi. Mwaka 1998, karibu na Mweiga, Najib alisikia mtu akipiga kelele shambani, akadhani ni Huseni anamwambia amemaliza. Akawasha.

Gari hilohilo lilimkimbiza Huseni hospitalini mjini Nyeri, akiwa amezimia. Alizinduka mkono umekwisha kukatwa. Najib alihamia Nanyuki, akaanza kuuza mbuzi. Hawajaonana tena.

Siku nzuri, kutengeneza majiko humpa Huseni shilingi mia nne. Sasa vidole vya mkono uliobaki vimeanza kufa ganzi, na daktari hakumpa matumaini. Ndiyo sababu anaharakisha.

"Hii gari naijua kila msumari," anasema. "Kitu sijui ni ile safari. Nililala aje huko nyuma? Nani alinishika? Dereva alishakufa. Amebaki Najib peke yake."

Mkewe, Subira, amechoka. "Miaka yote ni gari, gari. Juzi Najib alikuja, nilimwona na macho yangu, akasimama pale kwa duka. Akaangalia hapa, akageuka akaenda. Mimi naomba Mungu tu: ama huyo mtu aseme, ama Baba Sumeya asahau."

Huseni anaifuta simu kwenye shati, anapiga. Inaita kwa muda mrefu. Anaiweka juu ya meza, spika imewashwa.

"Najib. Ulifika mpaka kwa duka."

"Nilifika."

"Sikuiti kwa kesi. Niambie tu nililala wapi."

Upande wa pili mbuzi wanalia.

"Kwa miguu yangu," Najib anasema hatimaye. "Waya ilikuwa imejaa kila mahali, hakukuwa na nafasi. Kichwa yako nilikuwa nimeishika."

"Ulikuwa unasema nini?"

"Nilitaka kukusomea dua. Zikanipotea zote, Huseni. Hata ile ya watoto. Nikakuwa nahesabu nguzo za barabara, kwa sauti, mpaka Nyeri."

Simu inakatika. Huseni hapigi tena.

Anachungulia ndani ya gari dogo. Nyuma amepanga kila kitu vizuri: mizingo ya waya imetundikwa ukutani, sakafu iko wazi, safi. Paa alishalifunga kwa lehemu, kazi iliyomla wiki nyingi.

"Nimeweka nafasi yenye haikuwa," anasema.

Anachukua patasi na kuingiza ncha chini ya paa. Bati linalia. Rangi ya manjano inabanduka na kuanguka magotini pake. Subira anageuza uso.

Paa litaondoka, waya utajazwa sakafuni, na katikati patabaki pengo dogo, la kutosha mtu aliyeketi na mtu aliyelala miguuni pake.

"Huu mkono ukikubali, Mungu akipenda, nitaimaliza kabla ya Ramadhani," anasema Huseni. "Halafu nitampelekea Nanyuki. Akikataa kufungua mlango, nitakaa hapo nje nimsomee mimi hiyo dua."