Yale Aliyoyasikia Mama Ernestine

Mama Ernestine Mbuyu alikuwa mteja wangu kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuniletea simu mbovu hata mara moja. Alikuja kila Jumamosi asubuhi kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, hapa mtaa wa Dilala, Kolwezi. Alikuwa akiushika ukuta wa shule kwa mkono wa kushoto mpaka unapoishia, kisha anasimama na kuita, "Stéphane, uko?" Nilipoitika alifuata sauti yangu hatua zilizobaki. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga, na watu aliwaona kama nguo zilizoanikwa. Alikuja kubadilisha vitabu.

Zamani alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi za kampuni ya mgodi, miaka ishirini na sita, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya enzi zile kampuni ilipokuwa ikiwapa wafanyakazi nyumba. Macho yalipomwacha, binti yake Myriam, anayeishi Lubumbashi, alimtumia simu yenye vitabu vya kusikiliza, karibu vyote kwa Kifaransa. Vilipokwisha, mimi ndiye niliyemtafutia vingine. Nilivipanga katika mafungu matatu, na majina ya mafungu aliyatoa yeye mwenyewe: Maajabu, Kesho Mbaya, na Kweli.

Na alikuwa na maneno juu ya kila kimoja. Wateja wenye vioo vilivyopasuka walisubiri amalize kutoa hukumu.

"Kile kitabu ya malkia wa majoka, ufute," aliniambia Jumamosi moja. "Mwenye anasoma, anasoma muzuri. Lakini mwandishi ananichezea. Mufalme anakufa mu chapitre ya kumi, mu ya kumi na mbili anarudia, anakaa ku meza, anauliza chakula. Sasa ule mwenye alimulilia, machozi yake inaenda wapi?"

"Ni maajabu, mama. Mule wafu wanaweza kurudi."

"Barudie, sikatae. Lakini mufu akirudia, nyumba inapaswa kutetemeka. Uyu alirudia kama mutu ametoka sokoni."

Vile vya Kesho Mbaya vilimchekesha. Kulikuwa na kimoja cha mji uliojengwa chini ya ardhi, mwaka elfu mbili na mia tatu, ambako watu hawaruhusiwi kuliona jua bila karatasi ya wakubwa. Alicheka mpaka nikamvutia kiti.

"Juu ya nini anaiweka mbali vile? Angepanda pikipiki apa, angefika ku mugodi ya Mashamba, angeona batu banaingia chini na torche ku kichwa. Na tena, Stéphane, sikia. Mu ile mji hakuna mutu anasuka nywele. Hakuna ndoa. Hakuna hata mutu mumoja anaimba vibaya. Mwandishi anafikiri mateso inakula kila kitu. Uyu hajateseka."

Vile vya Kweli hakuvipenda sana. Alisema vinasomwa na watu waliochoka. Lakini alivimaliza vyote, hata kimoja kirefu juu ya mabomba ya maji, kwa sababu, alisema, yeye aliipiga taipu kweli ya kampuni miaka ishirini na sita na alitaka kuona wengine wanaipangaje.

Sasa niseme juu ya Sadrack. Alikuwa mwanawe wa mwisho. Miaka sita iliyopita alikuwa akichimba shaba na kobalti kama vijana wengi wa hapa, na siku moja shimo likawaangukia. Hawakumpata. Familia ililia matanga bila mwili. Mahali pa mwili waliweka shati lake. Tangu hapo Mama Ernestine alikuwa akisikia mipigo. Mchana, nyumba ikinyamaza, alisikia mtu anagonga chini, mbali, kama anayegonga mlango wa jirani. Mchungaji wake alikuja kuomba pale nyumbani mara mbili. Myriam alimsihi ahamie Lubumbashi. Alikataa. Alisema hawezi kuondoka huku mtoto anagonga.

Kwa miaka mingi mipigo ile ilikuwa ya huzuni tu, nadhani. Lakini mwaka jana jirani yake Nkulu alizungusha turubai kwenye kiwanja chake. Alisema anachimba choo. Choo gani kinachotoa magunia ya madini kila siku? Mtaa mzima ulijua kwamba amewaweka vijana chini wanachimba, na shimo limeshapita chini ya nyumba mbili tatu. Ndipo Mama Ernestine alipokuja kibandani uso umemvimba kwa kukosa usingizi.

"Sadrack amekaribia," aliniambia kwa sauti ndogo. "Zamani alikuwa mbali. Sasa iko chini ya jiko."

Nilijua ni nini kilichokuwa chini ya jiko. Ningemwambia. Lakini unamwambiaje mama kwamba anayegonga si mwanawe? Na Nkulu alikuwa mteja wangu pia. Nikafungua sanduku, nikatoa kaske, ile kubwa ya kufunika masikio yote mawili.

"Jaribu hii, mama. Ukiongeza sauti, hutasikia kitu kingine."

Aliivaa palepale. Uso wake ulilegea, akatabasamu, na mimi nikajiona nimefanya jambo jema.

Yaliyofuata niliyapanga baadaye, kwa kuuliza huyu na yule. Jumatatu jioni shimo la Nkulu liliporomoka. Chini walibaki vijana watatu: Baudouin, Papy na Kabemba. Asubuhi ya Jumanne Nkulu alipanda pikipiki akaondoka Kolwezi bila kumwambia mtu. Mke wake alijifungia ndani. Nyuma ya turubai pakawa kimya, na sisi majirani tukafikiri wamepumzika.

Jumanne hiyo hiyo mama alisikia kugongwa kwa namna mpya. Akaongeza sauti ya kitabu. Jumatano wakagonga tena, karibu mchana kutwa. Alikuwa katika kitabu cha Maajabu, kimoja cha dada wawili waliogeuzwa ndege, akaongeza sauti mpaka masikio yakamuuma. Alhamisi kitabu kile kikaisha, na kilichofuata kwenye simu kilikuwa cha fungu la Kweli. Kiliandikwa na mzee mmoja wa nchi ya baridi ambaye kazi yake ilikuwa kuwatoa watu waliofukiwa migodini. Msomaji alikuwa na mafua. Mama alikuwa karibu kusinzia alipofika mahali mzee anapoeleza jinsi ya kusikiliza ardhi. Mtu anayechimba, alisema yule mzee, hupiga bila mpango. Anapiga, anafagia, anapumzika, anapiga. Mtu aliyefukiwa hupiga kwa hesabu, kisha hunyamaza, kwa sababu anasikiliza kama amejibiwa.

Mama Ernestine akavua kaske.

Ilikuwa kama saa nane mchana nilipomwona anakuja. Hakushika ukuta. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele na kutembea katikati ya barabara, pikipiki zikimkwepa, madereva wakimpigia kelele. Nilimkimbilia.

"Kuya usikie," alisema. "Masikio yangu siiamini tena. Nataka mutu mwenye hana mufu wake mule chini."

Tulienda. Aliniongoza mpaka jikoni, akanionyesha mahali kwa kidole cha mguu. Nikalala kifudifudi, sikio kwenye saruji. Kwanza nilisikia damu yangu tu. Kisha: tatu. Kimya kirefu. Tatu tena. Zilikuwa dhaifu na polepole, kama mtu anayeinua jiwe zito kuliko mkono wake. Nakiri kwamba dakika ile mimi niliyejua kila kitu nilifikiri ni Sadrack.

"Unasikia?" aliuliza.

"Nasikia, mama. Tatu."

"Basi ujibu. Mi naogopa."

Mchi wa kinu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Niliushika kwa mikono miwili nikapiga sakafu: moja, mbili, tatu. Tukangoja. Kutoka chini zikaja tatu za haraka, halafu nyingi mno, bila hesabu yoyote, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mama Ernestine aliteleza taratibu akakaa chini, mgongo kwenye jiko.

"Haiko Sadrack," alisema. "Sadrack hakunijibu hata siku moja."

Sikujua kama anashukuru au anaomboleza. Nadhani hata yeye hakujua. Nilitoka mbio.

Hakuna mtu anayechimba haraka kuliko wachimbaji wakisikia wenzao wako chini. Walikuja kutoka mitaa yote, na koleo, na kamba, na magunia matupu, wakang'oa turubai la Nkulu, wakashuka. Shida ilikuwa kujua upande. Mashimo yale yana njia nyingi, na nyingine zilikuwa zimejaa udongo. Basi mama alibaki jikoni na mchi wake. Kila waliposema apige, alipiga mara tatu, walio chini wakajibu, na aliyetangulia shimoni akageuza uso kufuata sauti. Wanawake wa mtaa walitaka kumpokea mchi. Hakuuachia hata walipomnywesha uji. Viganja vyake vilichubuka mpaka wakavifunga kwa kitambaa.

Ijumaa, kabla ya saa sita, walimtoa Baudouin, na baada yake Papy, wote wamefungwa macho kwa khanga ili jua lisiwaumize. Watu walipiga vigelegele. Kisha wakamleta Kabemba amefunikwa turubai, na vigelegele vikakatika.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama hospitalini kumwona Baudouin. Alikuwa kijana mwembamba, miguu yote miwili imefungwa bandeji. Alijaribu kuinuka amsalimie kwa heshima, mama akamrudisha kwa kumshika bega.

"Mama, bila weye tungekuwa tulishakufa," alisema.

"Hesabu ya tatu, nani aliisema?"

"Ni Kabemba. Jiwe ilimupiga mu kifua tangu Jumatatu, lakini akili ilikuwa sawa. Njo alituambia tupige tatu tatu, juu mutu mwenye anasikia ajue kuko batu bazima."

"Na yeye alikufa siku gani?"

Nilitamani kijana asijibu. Lakini hakujua anachoulizwa.

"Jumatano, mama. Mchana. Alikuwa anapiga, akaniambia, Baudouin, bamejibu uko juu? Nikamwambia bado. Akanipa jiwe nipige mi."

Mama Ernestine alimshukuru, akamwombea apone, akaniomba nimtoe. Kwenye ngazi za hospitali alisimama.

"Jumatano nilikuwa nasikiliza ndege," alisema.

Nilimwambia yaliyo ndani yangu pale pale: kwamba nilijua juu ya shimo la Nkulu, kwamba kaske nilimpa mimi, kwamba kama kuna wa kulaumiwa niko mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyosikiliza vitabu vyote, hata asivyovipenda.

"Ni kweli," alisema. "Weye pia." Akanishika mkono, tukashuka ngazi.

Jumamosi hiyo hakutaka kitabu. Alikuja na kiti chake mwenyewe, amebebewa na mtoto wa jirani, akaniambia nizime jenereta ya kibanda.

"Simu inaweza kushika sauti yangu?"

"Inaweza, mama."

"Basi shika. Nataka kusema ile siku nne, kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Tuiweke mu Kweli." Alihesabu kwa vidole. "Ni tano. Unaona? Nataka iwe sawasawa."

Alisema kwa saa mbili, mikono yake ikitembea juu ya magoti kana kwamba taipu iko pale. Alisema majina ya wachimbaji walioshuka, wote aliowajua. Alitaja saa ya kila jambo. Alipofika Jumatano alitaja kitabu alichokuwa akisikiliza, na jinsi alivyoongeza sauti, na mara ngapi. Kisha akanyamaza. Nilifikiri amemaliza, nikanyoosha kidole nizime, naye akanisikia ninavyosogea.

"Hapana. Ikae vile," alisema. "Kimya pia ni ya mule."

Amehamia kwa Myriam, Lubumbashi, tangu mwezi wa tano. Nyumba ilipata nyufa. Anasema kwa simu kwamba huko hakuna kinachogonga, na kwamba ni vigumu zaidi. Ananiagiza vitabu bado. Sasa anapenda vile vya maajabu, na mwandishi akimfufua mtu ananipigia kunieleza kama kafanya kwa adabu.

Sauti ile ninayo. Mara tatu nimeanza kuisikiliza na sijapita Jumatano.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alishuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda, vumbi la njia ya Kasaji mpaka kwenye kope. Alisema yeye ni mama wa Kabemba, na kwamba amesikia kuna mama mmoja mzee aliyesema yote, na mimi ndiye ninayeyatunza. Nilimwekea sauti ile kwenye kadi ndogo ya simu. Aliiangalia kadi ile kiganjani, ndogo kuliko ukucha.

"Mutoto yangu iko mule ndani?" aliuliza.

"Iko, mama."

"Anasema kitu?"

Nilimwambia kwamba anasema tupige tatu tatu. Aliifunga kadi kwenye pembe ya kitambaa chake, fundo mara mbili, akauliza wapi atapata maji ya kunawa uso kabla ya kurudi.