Unyayo wa Mama Mbonea

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa tabibu mpya huku milimani, koti jeupe kama lako hilo na maringo tele, aliletwa Mama Mbonea wa Bombo. Alikuwa akiteremka na mzigo wa tangawizi kichwani, mguu ukanasa mferejini, mwili ukaenda mbele, mguu ukabaki. Palivimba kati ya kifundo na vidole. Eksirei aliyopigwa mjini Same, akiwa amelala, ilionyesha mifupa mizima. Nikasema kwa kujiamini: ameteguka tu, kamchueni kwa maji ya moto.

Siku ya tisa akarudi amebebwa mgongoni na mwanawe, analia waziwazi. Mjane yule aliishi kwa shamba lake la mteremkoni. Asipoweza kuupanda mteremko ule, basi tena.

Muuguzi wetu mkongwe, Mzee Elisafi, akanivuta kando.

"Unyayo wake umeuona?"

"Mzee, yule ni mama mtu mzima. Nimwinue mguu, aninyooshee unyayo usoni?"

"Heshima gani hiyo ya kumlemaza mtu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akapiga goti, akasema, "Mama, tuwie radhi," akauinua mguu. Katikati ya unyayo damu ilikuwa imevilia, pamekuwa peusi. Alama ile ilikuwepo siku zote, nami nilitazama juu ya mguu tu.

Tukamrudisha Same. Safari hii akapigwa picha amesimama, miguu yote miwili, huku tumemshikilia. Uzito ulipoushukia mguu ule, mifupa miwili ya katikati ikaachana. Kano inayoifunga ilikuwa imekatika. Tukampeleka hospitali kubwa ya Moshi, wakamtia vyuma, wakamfunga hogo la plasta, wakamkataza kabisa kuukanyagia kwa wiki nyingi. Alinuna, lakini alitii.

Sikukuu ya mavuno, mwanangu, Mama Mbonea alipanda ngazi za kanisa kwa miguu yake, furushi la tangawizi kichwani, na vigelegele vikamfanya mchungaji akae chini kusubiri. Baada ya ibada, kwenye mnada wa mavuno yaliyotolewa sadaka, akaniona. Akavua kiatu mbele ya watu wote, akaninyooshea unyayo.

"Haya daktari, leo angalia."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Tulikuwa tumeshinda.

Basi mguu ukivimba katikati na mtu hawezi kuukanyagia, usikimbilie kusema kateguka, wala usiruhusu uchuliwe. Omba radhi, uinue, utazame chini. Ukiwa na shaka, apigwe picha amesimama. Na mkubwa akikukemea, nyamaza umsikilize. Mungu akupe mikono isiyoona haya, na kila utakayemshika mguu aupande mlima wa kwao akiimba.