Lenzi Isiyotakiwa Kurudi Ndani

Mfuko wa kamera ya Mama ulinuka ngozi kavu na vumbi jekundu la Voi. Ndani mlikuwa na kamera kuukuu ya filamu, na lenzi aliyoinunua baadaye kwa mchuuzi wa Taveta. Lenzi hiyo ilivutwa nje wakati wa kupiga picha, kisha iliweza kusukumwa ndani ili mfuko ufungike. Lakini lenzi na kamera hazikuundwa pamoja. Ndani ya kamera kulikuwa na mkono mwembamba wa kupimia mwanga, na lenzi ikirudi ingeugonga. "Wewe mpenda kupangapanga," Mama aliniambia, "hii iache hivyo hivyo, mdomo nje."

Likizo ile ya Agosti tulikwenda kijijini Makwasinyi kumpiga picha Bibi, ambaye hakuwa amewahi kupigwa hata moja. Aliketi wima nje ya jiko akauliza, "Nikicheka, pengo litaonekana?" Mama akamwambia acheke tu, pengo ni lake.

Tuliporudi Voi, mfuko usiofungika ulinikera mno. Nilikuwa mtoto wa kunyoosha shuka mara tatu. Mama alipotoka kwenda dukani, nikaisukuma lenzi. Krr. Mkwaruzo mdogo, kama ukucha juu ya bati. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi sikuona kilichovunjika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ilinibidi nijue. Nikafungua mgongo wa kamera, adhuhuri, dirisha wazi. Sikuona ila pazia jeusi la ndani ya kamera, na filamu ya Bibi ikiota mwanga.

Mama aliporudi nilikuwa nimekalia mikono yangu. Nikasema yote. Akaichunguza kamera. "Mkono ni mzima," akasema. "Ila filamu imeungua kwa mwanga. Usingechungulia, tungekuwa na picha." Tulipomrudia Makwasinyi, Bibi alikataa kuketi tena: "Siku yangu mliila. Sasa nina pojo za kupeta." Alifariki kabla ya Krismasi.

Leo simu yangu ina maelfu ya picha, na nimejifundisha mwenyewe kutengeneza kamera kuukuu. Kabla ya kufunga lenzi yoyote napima kwa rula, napima tena, na bado siiamini rula. Mama husema nimekuwa makini. Ni woga tu. Wapwa wangu wakiniuliza Bibi alifanana na nani, nawatajia shangazi mmoja, na kila mara nabaki nikijiuliza kama nimewadanganya.