Pombe Aliyoikataa Letisia

Letisia, muuza maharage wa soko la Gitega, hajawahi kudaiwa hata kibaba cha mtu. Ndiyo maana mwizi alipopita mgongoni mwake kuwafikia wenzake, hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwizi mwenyewe ni Prosper, mwana wa Lucia wa Makebuko. Alikuja sokoni na ligi yake ya kwenye simu: kila mtu achague wachezaji kumi na mmoja wa Ulaya, wakifunga magoli apate alama, na mwisho wa msimu mwenye alama nyingi abebe kitita. Kiingilio elfu ishirini. Watu wakasita. Letisia ndiye aliyesema, "Mpeni. Mama yake tulipanga ndoo kwenye bomba moja kambini, Tanzania." Kwetu sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, neno hilo linatosha, mtu wa kambi yako humwombi risiti. Wakatoa watu thelathini na wawili, hata akina mama wa dagaa wasiojua kipa ni nani.

Msimu ukaisha, simu ya Prosper ikafa. Wanawake wakaanza kununua maharage meza ya pili, wakimpita Letisia bila salamu. Hidaya wa vitenge, ambaye hakucheza, akamrushia: "Bon, mi niliwaambia hiyo ni kamari, mukaniita mshamba. Sasa mtoto wenu wa kambini anatoa mahari Jumamosi, huko Gasorwe. Shemeji yangu wa Muyinga ameniambia."

"Mahari? Kwa pesa ya nani?"

"We unaniuliza mi?"

Jumamosi Letisia alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda basi mpaka Muyinga, na pikipiki mpaka Gasorwe. Akaketi upande wa wanawake kama mgeni yeyote. Wazee wakasema maneno yao marefu, bahasha ya mahari ikawekwa mezani, pombe ya ndizi ikaanza kuzunguka na mrija wake. Ilipomfikia, akakunja mikono.

Sasa, kule anayekataa pombe mbele ya watu ametangaza ugomvi. Sherehe haisogei mpaka aulizwe. Vicheko vikakatika. Mzee Longino, baba wa binti, akainuka na fimbo yake.

"Mama, pombe yangu iko na ubaya gani?"

"Pombe yako haina ubaya, mzee. Mbaya ni huyo unayetaka kumwita mkwe. Hiyo bahasha ni jasho la watu thelathini na wawili wa Gitega, laki sita na elfu arobaini. Walimwamini kwa neno langu, naye akatoroka. Akikana, nitawataja mmoja mmoja."

Prosper akacheka kicheko kikavu. "Mama Letisia, mchezo una kushinda na kushindwa."

"Haya, aliyeshinda ni nani? Mtaje!"

Prosper akageuka kumtazama mama yake. Lucia, aliyeketi nyuma ya mwanawe, akainamisha uso. Mzee Longino akaisukuma bahasha kwa ncha ya fimbo, kama anayeondoa panya aliyekufa. "Chukua, mama. Binti yangu haposwi kwa pesa ya wizi."

Ndani mlikuwa na laki sita, zimepungua elfu arobaini. Lucia akaanza kufungua pindo la kitenge chake, alimofunga pesa.

"Funga hilo pindo, sikudai wewe," Letisia akamwambia, macho yake kwa Prosper. "Wewe, vua koti."

"Mama, mbele ya wakwe?"

"Wakwe gani? Vua!"

Akavua mbele ya ukoo mzima na binti aliyekuwa akichungulia mlangoni.

Jumatatu koti liliuzwa Gitega kwa elfu hamsini. Kila mtu akawekewa noti zake mkononi, na Letisia hakumwomba yeyote arudi kununua maharage. Elfu kumi iliyozidi aliituma Makebuko, kwa Lucia, bila salamu.